Kanuni zote 14 nimezikariri, mbona kisa kimenishinda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nachukua stashahada ya usimamizi wa biashara. Katika somo la Kanuni za Menejimenti nilikariri kanuni zote 14 za Fayol kwa mpangilio wake, pamoja na kazi za meneja. Mtihani ulipokuja tukapewa kisa cha ofisi moja: katibu muhtasi mmoja anawatumikia wakuu wawili wa idara, kazi za wote wawili zinachelewa, na yeye amepewa barua ya onyo. Tukaambiwa tuchambue na tushauri. Niliandika kanuni zote 14 na maelezo yake, kurasa nne. Nimepata 9 kati ya 25, na pembeni mwalimu wetu ameandika: "Umejibu swali ambalo sikuuliza." Somo hili linasomwaje? Na maneno ya mtu wa mwaka 1916 yananifaa nini leo?

Jibu: Marahaba. Kwanza nikutoe hofu. Mtu aliyeweza kukariri kanuni 14 kwa mpangilio hana uvivu wala akili nzito. Umefanya kazi kubwa mahali pasipohitajika. Mwalimu wako alikuletea mgonjwa, wewe ukamsomea orodha ya dawa zote zilizomo kabatini. Dawa yake ilikuwemo, lakini hukusema ni ipi, wala hukuonyesha anaumwa wapi.

Nianze na swali lako la pili, la huyo mtu wa 1916, maana tukilimaliza hilo la kwanza litakuwa limejijibu nusu.

Henri Fayol alikuwa mhandisi wa migodi, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1841. Aliingia kazini kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Commentry mwaka 1860, akiwa na miaka 19. Mwaka 1888, kampuni ikiwa hoi kifedha, alikabidhiwa ukurugenzi mkuu, akakaa nao mpaka 1918. Kampuni iliinuka, na mwenyewe alisisitiza kwamba migodi ilikuwa ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni namna ya kuiendesha. Kwa hiyo maandishi ya 1916 unayoyasoma ni ya mzee wa miaka zaidi ya 70 anayetoa alichokiona kazini kwa zaidi ya nusu karne. Hayakutungwa mezani.

Kuna tukio moja la ujana wake ambalo natamani kila kitabu cha mwaka wa kwanza kingelianza nalo. Asubuhi moja ya Mei 1861, farasi aliyekuwa akifanya kazi chini ya ardhi, kwenye ngazi ya sita ya mgodi, alivunjika mguu. Fayol akaandika hati ya kuomba farasi mwingine. Mtunza zizi akaikataa: haina saini ya mkurugenzi. Mkurugenzi hakuwepo siku hiyo, na hakuacha mtu wa kukaimu nafasi yake. Fayol akasihi. Mtunza zizi akashikilia kwamba amepewa agizo, na agizo ni agizo. Farasi hakupatikana, na uzalishaji wa ngazi ile siku hiyo ukapotea.

Soma tena kisa hicho polepole, kisha jiulize nani alikosea. Mtunza zizi? Alitii alichoambiwa, na ndivyo nidhamu inavyotaka. Fayol? Alifuata utaratibu, akaandika hati. Kosa liko kwenye muundo. Kijana alipewa wajibu wa kuhakikisha makaa yanatoka, lakini hakuwa na mamlaka juu ya farasi hata mmoja, na mwenye mamlaka hayo aliondoka nayo mfukoni. Fayol aliyabeba hayo maisha yake yote: mamlaka yasikose mwakilishi hata kwa siku moja. Leo wewe unayakuta kwenye orodha, namba 2, "mamlaka na wajibu", mistari miwili mikavu, unaikariri na kupita.

Nataka uzione kanuni hizi kama makovu. Kovu lina mahali lilipotoka. Mtu anayekariri orodha ya makovu ya mwenzake hajui chochote mpaka aulize kila moja lilipatikanaje. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa kanuni yoyote, kabla hujasoma maana yake, jiulize: ni jambo gani liliharibika mpaka mtu akaona lazima aandike hivi? Kisha andika kisa chako cha mistari mitatu, kutoka shuleni, nyumbani, kwenye timu ya mpira, popote ulipowahi kuona watu wakifanya kazi pamoja na jambo hilohilo likiharibika.

Tena usizigawie kanuni zote muda sawa. "Mpangilio", yaani kila kitu na kila mtu mahali pake, utauelewa kwa dakika tano. Mshikamano nao hauhitaji usiku mzima. Lakini mamlaka na wajibu, umoja wa amri (yaani kila mtu apokee amri kutoka kwa mkuu mmoja tu), ngazi za madaraka, na lile suala la kurundika madaraka juu au kuyagatua, hizi nne kaa nazo wiki nzima. Visa vingi vya mitihani vinazunguka hapo kwa sababu matatizo mengi ya kazini yanazunguka hapo.

Nikupe kovu langu mwenyewe. Nilipokabidhiwa kitengo cha kwanza kukiongoza, nilimtuma kijana mmoja, mwajiriwa mpya, awe anakusanya taarifa za kila mwezi kutoka kwa wakuu wa idara. Mwezi wa kwanza alirudi mikono mitupu, wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Walikuwa wakimwambia arudi kesho. Nikamwandikia tathmini mbaya: hafuatilii kazi. Ilinichukua karibu mwaka kutambua kwamba nilimtwisha mzigo bila kumpa mikono ya kuubebea. Hakuna mkuu wa idara aliyekuwa ameambiwa kijana yule anaomba taarifa kwa niaba ya nani, wala zikikosekana nani atajibu. Barua moja ya mistari mitano yenye saini ya mkurugenzi ingemaliza jambo lote. Tathmini ile ilibaki kwenye jalada lake, na mpaka leo inaniuma. Chuoni swali la mamlaka na wajibu nilikuwa nimelijibu, nikapata alama nzuri. Kilichonikosa ni kulitambua lilipokaa mbele yangu likiwa limevaa sura ya kijana "asiyefuatilia".

Sasa kuna jambo ambalo walimu wengi hulichelewesha mpaka mwaka wa tatu, na mimi naona lisemwe wiki ya kwanza: kanuni hizi zinapingana.

Kwetu tuliolelewa na Kiswahili hilo lisitushangaze. Tumeambiwa haraka haraka haina baraka, na kinywa kilekile kikatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenda pole hajikwai, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hakuna anayeona kwamba wazee walidanganya. Tunajua kila methali ina wakati wake, na kazi ya msemaji ni kuujua wakati. Mwaka 1946, Mmarekani Herbert Simon, ambaye mwaka 1978 alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliandika makala akizishambulia kanuni za utawala kwa hoja hiyohiyo: zinafanana na methali, nyingi zina mwenzake anayesema kinyume, na kanuni yenyewe haikuambii ufuate ipi.

Tuchukue mfano wa hesabu, utauona mgongano kwa macho. Vitabu vinasema msimamizi asiwe na watu wengi chini yake, asije akashindwa kuwaangalia. Vitabu hivyohivyo vinasema ngazi kati ya mkuu na mfanyakazi wa chini ziwe chache, ili habari zisipotee njiani. Haya, una wafanyakazi 64. Ukiamua kila msimamizi awe na watu wanne tu, utahitaji wasimamizi 16. Hao 16 watahitaji wakubwa wanne. Na hao wanne watahitaji mkuu mmoja. Jumla wasimamizi 21, na ngazi tatu za usimamizi. Ukiamua kila mmoja awe na watu wanane, utahitaji wanane na mkuu mmoja: jumla tisa, ngazi mbili. Mpango wa pili umekuokolea mishahara 12 ya wasimamizi na umefupisha njia ya habari, lakini kila msimamizi sasa ana watu mara mbili wa kuwasikiliza. Mwaka 1933 mtaalamu mmoja, V. A. Graicunas, alipiga hesabu ya mahusiano yanayoweza kumfikia msimamizi, ukihesabu mtu mmoja mmoja na makundi yote yanayoweza kuundwa. Akiwa na watu wanne, alipata mahusiano 44. Ukimwongezea mtu mmoja tu yanakuwa 100, na akifika wa sita ni 222. Si lazima uikubali hesabu yake yote, maana si kila uhusiano unaotajwa humo unatumika kila siku, lakini inakuonyesha kwa nini mtu mmoja zaidi huweza kulemea kuliko ulivyotarajia.

Upi ni mpango bora? Hapo ndipo mtihani ulipo. Kama hao 64 wanafanya kazi ya aina moja, inayojirudia, na wameizoea, wanane kwa msimamizi si tatizo. Kama ni wageni, kazi yao inabadilika kila siku, na kosa moja linaumiza mtu, basi hata watano ni wengi. Jibu linatoka kwenye mazingira ya kazi yenyewe, na ili ulipate lazima uisome kazi kabla ya kuitazama kanuni.

Fayol hakulificha hili. Aliandika wazi kwamba katika uendeshaji hakuna kitu kigumu kisichopindika, kila jambo ni suala la kipimo. Hata kanuni yake ya ngazi za madaraka aliiwekea njia ya mkato. Alichora ngazi mbili zinazokutana juu kwa mkuu mmoja. Mtu wa ngazi ya kushoto akitaka kuzungumza na mwenzake wa ngazi ya kulia aliye sawa naye, kwa kufuata utaratibu ujumbe upande hatua tano mpaka kwa mkuu, ushuke hatua tano upande wa pili, kisha jibu lirudi kwa njia ileile. Akasema wekeni daraja kati yao, wazungumze moja kwa moja, mradi wakubwa wao wanajua na wameruhusu. Hakuna anayekupa alama kwa kutaja daraja hilo kwa jina lake. Alama ziko kwenye kueleza kwa nini mtu aliyeamini utaratibu kiasi kile aliona lazima autoboe.

Simon, baada ya kuzivunja kanuni, alipendekeza tuzichukue kama vigezo vya kuelezea na kuchunguza hali ya taasisi. Hapo nakubaliana naye kabisa: kanuni ni kipimo cha daktari. Kipimo cha joto hakimponyi mtu, lakini daktari asiyenacho atakisia tu.

Ukifika kwenye sura ya historia ya nadharia, kuna mtego mwingine. Vitabu vinaipanga kama mashindano: Taylor alikosea, Mayo akamrekebisha, wa baadaye wakamrekebisha Mayo. Ukiisoma hivyo utabaki na majina na miaka. Mimi nawashauri wanafunzi wamfanye kila mmoja wa hao kuwa mtu unayemuita chumbani kuuliza swali moja.

Frederick Taylor anauliza: kazi yenyewe imepangwa vizuri? Alipokuwa msimamizi kwenye karakana za chuma za Midvale, Philadelphia, aliona mafundi wanatega, wanafanya polepole kwa makusudi. Wengi wangesema ni wavivu. Yeye aliona kwamba walikuwa na akili zao: walilipwa kwa kipande, na kila walipoongeza kasi, wakubwa walipunguza malipo ya kipande. Nani angejichosha? Baadaye, huko Bethlehem Steel, alichunguza hata beleshi, akaona mtu hufanya kazi nyingi zaidi kwa siku kila beleshi likibeba takriban pauni 21, kama kilo tisa na nusu. Kwa hiyo vitu vizito vikatengewa beleshi dogo na vitu vyepesi beleshi kubwa. Lakini mwaka huohuo kitabu chake kilipotoka, 1911, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Marekani, waligoma kwa sababu ya saa ya kuwapima, na Bunge la Marekani likaunda kamati ya kuchunguza mbinu zake. Swali lake lilikuwa zuri, ila halikuwa swali pekee.

Elton Mayo na wenzake wanauliza: hawa watu wanajionaje, na kundi lao linasemaje? Majaribio ya Hawthorne, kwenye kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, yalianza mwaka 1924 kwa jambo dogo la mwanga wa taa, hata kabla Mayo hajafika. Mwanga ukiongezwa uzalishaji unapanda. Lakini kuna nyakati uliendelea kupanda hata mwanga ulipopunguzwa. Watafiti wamebishana mpaka leo kuhusu maana ya matokeo hayo, nawe usiyaandike kama amri. Yachukue kama onyo kwamba mtu anayepimwa anajua anapimwa.

Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, anauliza kama kuna utaratibu ulioandikwa, usiotegemea sura ya mtu. Na Mary Parker Follett, ambaye vitabu vingi humpa aya moja tu na mimi ningempa sura nzima, anauliza: hawa wanaogombana, kila mmoja anahitaji nini hasa? Alisimulia siku moja maktabani, chuo kikuu cha Harvard, mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili kisichokuwa na mtu. Mwenzake alichohitaji ni hewa. Yeye alichokataa ni upepo wa kaskazini kumpiga. Hakuna aliyeshinda wala aliyeachia nusu. Kumbuka dirisha hilo, tutarudi kwalo kwenye kisa chako.

Kuhusu kazi za meneja, nina mawili tu. La kwanza ni neno kudhibiti. Wanafunzi wengi wakiliona wanaandika habari za kubana watu na kuadhibu. Fayol alitumia neno la Kifaransa linalobeba zaidi maana ya kuhakiki, kuangalia kama kilichofanyika kinalingana na kilichokusudiwa. Unaweka kiwango, unapima, unalinganisha, unarekebisha. Na mara nyingi kinachorekebishwa ni mpango, mtu hana kosa. La pili: kupanga, kuunda, kuongoza na kudhibiti si ratiba ya wiki. Henry Mintzberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, aliwafuata wakurugenzi watano, kila mmoja wiki moja, akakuta nusu ya shughuli zao hazifiki dakika tisa. Simu inaita, mtu anabisha hodi, karatasi inataka saini. Kazi zile nne zimo ndani ya hizo dakika tisa zote kwa pamoja, na kama hujazizoea kichwani hutaziona.

Sasa turudi kwa katibu muhtasi wako.

Jibu lako lilianza na Fayol. Anza na ofisi. Dalili ni tatu: kazi zinachelewa kwa wakuu wote wawili, katibu ameonywa, na hatuoni popote kwamba wakuu hao wamewahi kukaa pamoja. Dalili ya tatu haikuandikwa kwenye kisa. Imo kwenye kile kisichosemwa, na mwalimu huwa anafurahi ukiiona. Kisha chanzo. Barua ya onyo inalichukulia tatizo kuwa la nidhamu. Lakini kazi ingekuwa inachelewa kwa mkuu mmoja tu, ningeshuku katibu. Inachelewa kwa wote, kwa hiyo nashuku muundo: mtu mmoja anapokea amri kutoka kwa wawili, na hakuna aliyesema ya nani itangulie. Hapo, na hapo tu, ndipo unamuita Fayol: umoja wa amri umevunjwa. Kanuni imekuja kwa kuitwa na ushahidi.

Usiishie hapo, maana mwenzako wa dawati la jirani naye ameishia hapo. Ita kanuni inayovuta upande wa pili. Kumpa kila mkuu katibu wake kutalinda umoja wa amri, lakini kutaongeza mshahara mmoja, na huenda makatibu wote wawili wakakaa nusu siku bila kazi. Tena ziko sehemu zinazoishi na wakuu wawili bila kuvunjika: muuguzi wodini yuko chini ya mkuu wa wauguzi, na wakati huohuo anatekeleza maelekezo ya daktari. Wodi haivunjiki kwa sababu imeandikwa nani anaamua nini. Kwa hiyo kinachoiumiza ofisi hii zaidi ya wingi wa wakuu ni ukimya kati yao.

Sasa dirisha la Follett. Mkuu wa kwanza anahitaji nini hasa, ripoti leo, au uhakika kwamba ripoti itakuwa tayari kabla ya kikao chake? Wa pili anahitaji katibu asubuhi nzima, au anahitaji barua za mwaliko zitoke kabla ya saa sita? Wakiulizwa hivyo huenda mahitaji yao yasigongane kabisa. Pendekezo lako liwe na mtu, siku na kipimo: wakuu hao wawili wakutane robo saa kila Jumatatu wapange utangulizi wa kazi za wiki, wasipokubaliana, mkuu wao wa pamoja aamue siku hiyohiyo, katibu apewe orodha moja tu, na baada ya mwezi zihesabiwe kazi zilizochelewa, zilinganishwe na za mwezi uliopita. Hicho cha mwisho ndicho kudhibiti. Barua ya onyo nayo useme neno: ipitiwe upya, kwa sababu imemwadhibu mtu kwa kosa la muundo, na kanuni ya usawa haiwezi kukaa ofisi moja na barua ya namna hiyo.

Hesabu kanuni nilizotaja kwa majina: ni tatu, pamoja na nidhamu niliyoikataa kama maelezo ya tatizo. Zile kumi na moja sikuzigusa, na hakuna mwalimu atakayenikata alama kwa kuziacha.

Umeuliza somo linasomwaje. Mbali na visa vya mistari mitatu nilivyokuambia, unayo maabara ambayo pengine umekuwa ukiiona kama adhabu: kazi za vikundi. Mko sita, mmepewa wiki tatu, wawili wanafanya, mmoja yuko kimya, watatu wanatokea usiku wa mwisho. Kila nadharia ya somo hili inafanya kazi kwenye kikundi hicho. Mara ijayo jitolee kuwa mratibu, na siku ya kwanza fanya mambo mawili tu: kila mtu awe na sehemu yake yenye tarehe kwa jina lake, na mkubaliane wote, kwa sauti, mtu asipoleta sehemu yake nani ana haki ya kumpa mwingine. Hilo la pili ndilo vikundi huliruka. Wanakupa wajibu wa uratibu bila mamlaka, halafu wanakulaumu. Ni farasi yuleyule wa mwaka 1861. Weka daftari dogo, uandike kilichoharibika na siku kilipoharibika. Usiandike nani alikuwa mbaya. Andika ni nini kwenye mpango kilichomruhusu achelewe.

Na kama unasoma somo hili kwa lugha ya kigeni, kila kanuni ieleze upya kwa Kiswahili chako cha kawaida, kwa sauti, bila kutumia neno la kitabuni. Utakaposhindwa kumalizia sentensi, hapo ndipo ulikuwa umekariri.

Kukariri kwenyewe usikutupe. Orodha ya 14 ibaki kichwani, itakusaidia kukagua kama kuna kitu umekiruka baada ya kuchambua. Ila ije mwishoni.

Kazi ninayokupa ni hii: chukua karatasi uliyoandikiwa 9, funga vitabu, uandike upya jibu la kisa hicho kwa ukurasa mmoja na nusu. Usinifuate mimi. Mimi nimeshuku ukimya wa wakuu. Wewe huenda ukaona jambo jingine, kwa mfano kwamba hakuna mahali popote palipoandikwa majukumu ya katibu huyo, na ukilitetea kwa ushahidi wa kisa utakuwa sawa na pengine zaidi yangu. Kisha mpelekee mwalimu wako, umwombe dakika kumi. Mwalimu anayeandika maneno yale pembeni ya karatasi, badala ya kuweka alama na kupita, ni mwalimu atakayezitoa hizo dakika kumi.